Pazia la Koobi Adi

Wageni walilipia upweke, na watu wa Koobi Adi walikuwa wakiwatazama. Hilo ndilo ambalo tangazo la Kampuni ya Ukimya halikulisema. Tangazo lilionyesha jangwa la Chalbi, chumvi nyeupe hadi upeo wa macho, na chini yake maneno matatu: Hapa hakuna mtu. Kumbe watu walikuwepo. Walikuwepo na mbuzi wao, na ngamia wao, na ugomvi wao wa kuazimana masufuria, karibu kiasi kwamba mgeni angerusha jiwe kwa uvivu angemvunjia mtu chungu. Mgeni alitandika mkeka wake, akafumba macho asikilize ukimya alioukatia tiketi, na mbele ya pua yake bibi mmoja alikuwa akimfokea mbuzi aliyekula shuka.

Aliyelishika pazia lililowaficha ni Darmi Galgalo, na ungeambiwa umtafutie Darmi kazi isiyomfaa usingepata mbaya kuliko hiyo. Darmi alikuwa mtu wa watu. Kabla ya pazia alikuwa na nyumba ya kulaza wasafiri, na siku malori yalipolala mjini wageni walijaa hadi jikoni, yeye katikati yao akimimina chai huku akijua nani kamposa nani na nani kakataliwa. Sasa alishinda peke yake kwenye kibanda cha chuma juu ya mwamba, macho kwenye kioo cha kompyuta, masikio yakimuuma kwa kukosa cha kusikia.

Pazia lenyewe halikuwa kitambaa. Lilikuwa safu ya milingoti iliyolizunguka boma lote, myembamba kama fito, kila mmoja ukiipasha hewa moto huku na kuipoza kule mpaka mwanga upindike. Jangwa limecheza mchezo huo tangu enzi na enzi. Hakuna mtu wa Chalbi ambaye hajawahi kuona ziwa lisilokuwepo. Kampuni iliyageuza tu mazigazi yenyewe: badala ya kuonyesha kisichokuwepo, yakaficha kilichopo. Aliye nje aliona chumvi tupu. Aliye ndani aliona nje vizuri kabisa, kama mtu aliyekaa nyuma ya wavu wa dirisha. Sauti ilimezwa, na harufu pia.

Mambo hayakuanza hivyo. Zamani wageni walikuja kaskazini kuona watu: ngoma, shanga, harusi. Kisha miji ya kusini ikafura mpaka watu wakawa wanalala kwa zamu kitanda kimoja, na aliyetoka huko hakutaka kumwona binadamu mwenzake hata kwenye picha. Kampuni ikawavisha bangili zinazosikiliza mapigo ya moyo, jasho la ngozi na kina cha pumzi, zikajumlisha yote kuwa namba moja isiyozidi mia, waliyoiita ridhaa. Ridhaa ikasema bila haya: mgeni hufurahi zaidi wafugaji wakihama. Kwingine watu waliondolewa. Koobi Adi walifichwa, na kwa kufichwa kwao wakapewa mtambo wa kutoa chumvi kwenye maji, uliokula umeme wa milingoti ileile. Pazia likisimama, maji yanatoka. Wazee walibishana sana, kina mama hawakubishana hata kidogo. Aliyezoea kwenda kisimani alfajiri na kurudi jua likiwa limegeuka hahitaji hotuba.

Na sasa ilikuwa wiki ya kupimwa. Ridhaa ikibaki juu ya tisini, mkataba unaendelea. Ikishuka, pazia na mtambo vinapelekwa kwa wengine wenye utupu wa kuuza. Kampuni ilimtuma Bi Nyamvula, mwanamke wa Kwale mwenye sauti ya upole na viatu visivyofaa mawe, aje akae kibandani na Darmi mpaka hesabu ifungwe.

*

Kila alasiri Darmi alikitoroka kibanda. Alimwambia Bi Nyamvula kwamba anakwenda kukagua milingoti, na kweli alipita penye milingoti, kwa sababu ilikuwa njiani kuelekea kwa Akko Qabale. Akko ni bibi, na Qabale alikuwa bibi wa boma zima, awe amekuzaa au hakukuzaa. Mlangoni pake palikaangwa buna, kahawa nzima na maganda yake ikiungua kwenye samli hadi ipasuke, na palipokaangwa buna palikaangwa pia habari za wageni.

Maana mtu akijua hatazamwi, anafanya mambo. Siku hiyo walianza na bwana mwenye kitambi aliyekuwa akiifanyia chumvi mazoezi ya kuomba msamaha kwa mkewe. Alikuwa amefikia namna ya tano ya kupiga magoti, na wanawake walikubaliana kwamba ya pili ndiyo ingemsaidia. Wakapita kwa mzee mmoja, mtu mzito huko serikalini kwa jinsi walivyomtazama, aliyevua shati na kucheza bila muziki mpaka akaanguka. Wakacheka hadi Tume akajimwagia buna mapajani.

Tume alikuwa jirani wa Darmi, mama wa watoto wengi na mdomo mmoja uliowatosha wote. Ndiye aliyeleta habari za Mwenye Baraka.

Hawakumjua jina. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mtandio wa samawati, aliyekuja peke yake kila alasiri tangu wiki ianze na kukaa akielekea boma asilojua kwamba lipo. Alivua viatu akavipanga sawasawa. Kisha alifungua chupa yake ya maji akaimimina chini, polepole, bila kumwagia miguu, mpaka ikaisha. Basi kina mama walikuwa wamelainika moyo kwa kumpenda. Kwao mwenye kutaka heri humimina maziwa kidogo mlangoni, kwa ardhi na kwa waliotangulia, na katika wageni wote waliowahi kupita hapo, wenye vyeo na wenye vitambi, hakuna mwingine aliyewahi kuwaombea chochote. Walianza kumwitikia. Alipomimina, wao waliitika nagaa, amani, ingawa hakuwasikia. Tume alidai mlango unaobarikiwa ni wake, Akko akasema ni wa mbuzi wake, na ubishi huo uliwashibisha siku nzima.

Darmi alicheka nao. Alikuwa na kikombe mdomoni alipouliza, kama mtu anayeuliza tu ili habari isiishe, kama huyo mgeni akimaliza hunywa kwa sauti kama wazee au hunywa kistaarabu. Maana kwao ndivyo ilivyo: aliyemimina ndiye anayekunywa kwanza kinachobaki, kisha anapitisha kwa wenzake. Baraka isiyonywewa haijakamilika.



Tume akasema hakibaki kitu. Humimina yote.

Darmi akauliza kuhusu chupa ya pili, kwa kuwa Kampuni huwapa mbili. Tume akasema hiyo pia. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Tangu aje," Akko Qabale alisema, akaitua sufuria chini, "nani amemwona akimeza kitu?"

Wakageuka wote kumtazama mgeni. Alikuwa amekaa palepale, viatu vimepangwa, midomo imekauka na kuwa myeupe. Hakulia. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyemaliza kufunga mizigo. Walimwona hivyo siku zote hizo, wakaita adabu.

*

Kwenye kioo cha Darmi, mgeni aliitwa Kwamboka, na ridhaa yake ilikuwa tisini na saba.

Ilikuwa ya juu kuliko zote tangu pazia lisimame. Bi Nyamvula alikuwa ameipigia makao makuu simu ya furaha. Moyo ulipiga taratibu, pumzi zilikuwa ndefu, ngozi kavu bila jasho la wasiwasi. Bangili ilijengwa kutambua mtu aliyetulia, na ilimtambua. Kengele ya hatari ilikuwepo pia, lakini ilisubiri jambo la ghafla: mtu kuanguka, moyo kuruka, maumivu kuchoma. Haikuwahi kufundishwa habari za mtu anayeondoka kidogo kidogo kwa hiari yake.

Darmi alimweleza Bi Nyamvula kila kitu, pamoja na aibu ya kudhani ni baraka. Bi Nyamvula alisikiliza hadi mwisho, kisha akafanya lililowezekana: akaipigia kambi ya wageni. Kambi ikajibu kwamba kiongozi yuko ng'ambo ya chumvi na wageni wengine, na gari litafika jua likizama. Darmi akatazama jua. Bado lilikuwa na safari ndefu.

"Niache nilifungue pazia," alisema.

"Hilo siwezi kukuruhusu." Bi Nyamvula hakupandisha sauti. "Ukilifungua, anayeona si yeye peke yake. Wageni wote waliopo chumvini wataona kijiji kizima kimeota kutoka hewani. Watajua walitazamwa. Hawa na wote waliowatangulia. Ridhaa itaanguka leo hii, na mtambo unazimwa kutoka huko huko makao makuu. Sitakuwa na la kufanya, dada."

"Basi apite mtu mmoja amfuate."

Lakini alijua jibu kabla hajapewa. Mwaka wa kwanza ngamia alipita katikati ya milingoti, akatokea mbele ya mgeni kipande kwa kipande, pua, shingo, nundu, na mgeni yule alikimbia jangwani akiwa anapiga yowe mpaka akapatikana nusu mfu. Huwezi kumtokea hivyo mtu aliye ukingoni.

Bi Nyamvula akavua miwani akaifuta. Alisema mwanamke yule alitia sahihi kwamba asionwe na mtu. Pengine ana sababu. Pengine anaomboleza, na kwao huomboleza kwa kufunga. "Jana mlidhani anawabariki," alisema. "Leo mnadhani anajiua. Kama mmekosea tena?"

Swali lilimchoma Darmi kwa sababu lilikuwa swali la haki. Watu hawa walikuwa wamemtazama mgeni kwa siri, wakamcheka, wakamtungia jina. Sasa wanataka kumtokea ghafla katika saa aliyoinunua ili awe peke yake, kwa ushahidi wa umbea wa alasiri. Na wakikosea, watoto wa Tume watarudi kushika punda na mapipa.

"Jana tulikosea tukamwacha," alisema hatimaye. "Nikikosea leo, nataka nikosee nikiwa mbele yake, aniambie mwenyewe."

Kisha akafanya jambo ambalo Bi Nyamvula hakulitegemea. Hakuweka kiganja kwenye kioo cha kufungulia. Aliwasha kipaza sauti cha boma. Maji hayakuwa ya Darmi ayamwage peke yake.

Wakaja karibu wote, wakajaa chini ya mwamba, na kwa mara ya kwanza tangu apewe kibanda kile Darmi alikuwa na nyumba iliyojaa. Aliwaambia kwa maneno machache: yule mama hanywi maji, gari liko mbali, pazia likifunguka mtambo unazimika. Wanaume wakaanza na swali la kama ni kweli, wanawake wakawajibu kwamba wangekuwa wanatazama wangejua. Mmoja akapendekeza wasubiri kidogo. Mwingine akauliza kidogo kiasi gani.

Tume ndiye aliyesema waziwazi lililokuwa kwenye matumbo ya wengi.

"Darmi, mimi nampenda yule mama. Lakini usitafute wema kwa koo za wanangu. Yeye amechagua. Wangu hawajachagua."

Hakuna aliyemzomea. Kila mtu alikuwa na mtoto wa Tume nyumbani kwake, kwa jina lingine.

Akko Qabale alikuwa hajaja. Alibaki mlangoni pake na sufuria yake, maana magoti yalikuwa yamekataa miamba, lakini kipaza sauti cha jirani na mlango wake kilibeba na sauti yake.

"Visima vya zamani vipo," alisema. "Vimejaa mchanga, havikuhama. Mgeni akifia mlangoni kwangu nami namtazama, hayo maji matamu nitayanywa kwa mdomo upi?"

"Akko, wewe hutaingia kisimani kuchota mchanga," Tume alimjibu. "Tutaingia sisi."

"Kweli. Mtaingia nyinyi."

Haikuisha kwa makubaliano. Darmi alikuwa amekulia kwenye vikao, alijua kikao kinachoelekea kuiva na kikao kinachochemka tu, na hiki kingechemka hadi jua lizame. Aliwashukuru. Akawaambia watakaotaka kumlaumu walikumbuke jina lake na si la Akko. Akaweka kiganja.

Bi Nyamvula alikuwa amesimama karibu kutosha kumzuia. Hakumzuia, na baadaye hakuwahi kusema kwa nini.

*

Pazia halikufunguka kama mlango. Hewa ilianza kutetema, kama juu ya jiko, kisha vitu vikaja kwa rangi: wekundu wa shuka, kijivu cha mikeka ya vibanda, hudhurungi ya ngamia waliolala, na mwisho macho. Macho ya boma zima, yamesimama kimya.

Kwenye kioo, tisini na saba ikawa themanini. Ikawa hamsini na nne. Ng'ambo ya chumvi namba za wengine zilikuwa zikimwagika pia, bwana wa kitambi, mzee mchezaji, wote, lakini Darmi alitazama ile moja. Thelathini. Kumi na tisa. Moyo wa Kwamboka ulikuwa ukipiga kama ngoma ya harusi.

"Umeua kila kitu," Bi Nyamvula alisema taratibu.

"Hebu msikilize," Darmi alijibu. "Moyo huo umeamka."

Akateremka mwamba. Hakukimbia, na aliwapungia mkono wengine wasikimbie. Mgeni hafuatwi kwa mbio. Anaachwa akuone, achague. Akko Qabale ndiye aliyekuwa karibu zaidi, na alikuwa amefanya jambo la pekee lililofaa: ameirudisha sufuria motoni. Harufu ya buna na samli ikavuka mahali pazia lilipokuwa.

Kwamboka alisimama, akayumba, akashika hewa. Alitazama vibanda, akatazama viatu vyake, akarudi kwenye vibanda. Akafungua mdomo, likatoka neno limekwaruzwa.

"Tangu lini?"

Darmi alikuwa amefika. Ulikuwepo uongo mzuri wa kumwambia, kwamba wametokea sasa hivi. Hakuutoa.

"Tangu ulipokuja, dada. Tulikuona kila siku. Tulikuona ukimwaga maji tukadhani unatubariki, na tulikuwa tunakuitikia. Nisamehe kwa hilo. Kisha leo tukaona hunywi."

Uso uliokuwa umetulia ukavunjika. Hakulia kwanza, alikasirika, hasira ya mtu aliyekutwa hana nguo. Alitaka kuwatukana, ilikuwa wazi kabisa, mikono ilikwisha kunyanyuka, kifua kilikwisha kujaa. Lakini koo lilikuwa kavu mno. Matusi yakaja yakakwama, akakohoa, akainama akishika magoti.

Nyuma ya vibanda mtambo ulikoroma mara moja ukanyamaza. Watu wa Koobi Adi walikuwa wameuzoea mngurumo wake hivi kwamba kimya chake kiliwafanya wageuke wote. Maji yaliyobaki ni yaliyokuwa kwenye matangi, na ya watoto yalikuwa yameshaanza kuhesabiwa kwa macho.

Tume aliwatoka wenzake. Alikuwa na kata ya maji mkononi, imejaa hadi ukingoni, na alitembea nayo kwa uangalifu wa mtu anayejua bei ya kila tone. Machozi ya ghadhabu yalikuwa yakimtiririka, na hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Alisimama mbele ya mgeni aliyewapotezea mtambo, akamtazama kutoka kwenye mtandio hadi kwenye nyayo.

"Kunywa kwanza, mama," alisema. "Halafu ututukane vizuri."

Kwamboka alimtazama. Kisha akaipokea kata, akanywa, nusu ikimwagikia kidevu. Akko akamwambia anywe polepole. Akanywa polepole. Akamaliza, akaegemea bega la Tume bila kuomba ruhusa, akakaa chini pale pale mlangoni pa Akko.

Halafu akaanza kuwatukana. Aliwaita wachawi, wapelelezi, wambea wasio na kazi. Aliwaambia habari za mwanawe wa kiume, jina lake, umri wake, na chumba cha hospitali kilichokuwa na watu wengi kiasi kwamba hakupata pembe ya kumlilia. Aliwatukana tena. Hakuna aliyemkatiza. Wanawake walikaa wakamzunguka, wakaitikia palipohitaji kuitikiwa, na safari hii alisikia.

Darmi hakukaa. Ng'ambo ya chumvi wageni wengine walikuwa wakija kwa miguu, vitone vyeusi vinavyokua, na kwa mwendo wao walikuwa na maswali. Aliwaambia vijana watoe kamba na majembe waende kwenye kisima cha kwanza kabla mwanga haujaisha, akamwambia Bi Nyamvula, aliyemfuata kutoka kibandani, avue viatu vyake kwa sababu havitamfaa kwenye mchanga wa kisima, akampa malapa. Bi Nyamvula alivaa malapa, akashika kamba upande mmoja.

Kisha Darmi akatoka kwenda kuwapokea wageni, akipanga kichwani ni nani atalala kwa nani.